Mama Janet na Rejesho la Mbalamwezi

Nilimkosea Bernadeta Aluoch. Najua jarida hili wengi wanalisoma wakiwa wamesimama wanangoja chai, kwa hiyo nimeona niliseme hilo kwanza kabla mtu hajaitwa ofisini. Mama Janet, kama tunavyomwita wote, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Julai 2026, baada ya kuitumikia halmashauri yetu miaka thelathini na minne. Kamati ya watumishi ilinipa mimi, Elias Masele wa Kitengo cha Mapato, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sababu katika waliobaki mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Hawakujua wanamchagua nani. Nitaeleza utumishi wake kama desturi inavyotaka, na tukifika kwenye kosa langu sitaliruka.

Mama Janet ni mtu wa Shirati, mkoani Mara. Baba yake alivua samaki, mama yake alilima mihogo. Alipoajiriwa mwaka 1992 alikuwa karani wa ushuru pale sokoni, ameketi kwenye kigoda chenye miguu mitatu, anakata risiti kwa mkono. Baadaye alisoma uhasibu jioni kule Nyegezi huku ana watoto wawili na mume, Mwalimu Okech, ambaye mshahara wake ulikuwa unachelewa kuliko mvua. Wanasema aliwahi kuingia kwenye mtihani akinuka dagaa kwa sababu siku hiyo mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kulikuwa na mzigo mkubwa. Msimamizi akamwuliza kama amekuja kufanya mtihani au kuuza. Akamjibu kwamba nafasi ikitosha atafanya vyote viwili. Alifaulu.

Wafanyabiashara wa zamani wanamkumbuka kwa njia yake ya kudai ushuru wa huduma. Pale senta kulikuwa na duka la nyavu na kamba la Chandrakant, mzee mpole, ila kulipa kwake kulikuwa ni kesho na kesho. Siku moja Mama Janet akaingia, akamsalimia vizuri, akakaa nyuma ya kaunta. Mteja akija anamhudumia yeye. "Karibu baba, unataka nyavu ya dagaa au ya sangara? Mzee Chandrakant yuko bize anatafuta hela ya serikali." Mpaka saa sita akawa ameuza kuliko vijana wa dukani. Mzee akacheka, akalipa yote, akataka kumwajiri. Toka siku ile, kila Julai alikuwa anatuma mtu kuulizia kiasi chake kabla hatujamfuata.

Mimi nilifika mwaka 2003. Nilitoka Maswa, kwa wafugaji na wakulima wa pamba, nina kidato cha nne na cheti kimoja, na ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu. Nikapangiwa kukusanya ushuru kwenye mwalo wetu mkubwa wa Nyamhula chini ya Mama Janet. Siku ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo," akaitika "Marahaba," kisha akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia. "Kumbe Ngosha!" akasema, na jina likakaa hapo hapo. Wasukuma wote wanaume wanaitwa hivyo na watu wa huku, si jina la pekee, lakini alivyolitamka yeye lilikuwa kama amenipa kiti.

Yeye ndiye aliyenifundisha dagaa. Alinieleza kwamba dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa taa. Mwezi ukishapanda na kuwa mkubwa, taa haivuti kitu. Mitumbwi inapandishwa mchangani, nyavu zinashonwa, watu wanaoa, wengine wanacheza drafti, na mkusanya ushuru anakaa bure. Mtoto wa Shirati anajua hayo kabla hajajua kusoma. Mimi nilichelewa kuelewa, akawa ananitania mbele ya wavuvi. "Ngosha, dagaa si ng'ombe, huwezi kuwakuta zizini kila asubuhi!"

Ijumaa jioni tukishafunga hesabu tulikaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, tunakula sato wa kuchoma na ugali wa muhogo. Alikuwa ananihadithia habari za kwao, mimi namhadithia za ng'ombe wa baba, na kila mmoja anaona mwenzake katoka nchi ya ajabu. Hakuna kikubwa kilichotokea Ijumaa zile. Nimekula hotelini Dodoma kwa posho ya serikali, nimekula kwenye harusi za wakubwa, na sijawahi kushiba vile tena.

Sasa nieleze kazi yake kubwa, maana vijana wa sasa wanaiona mezani wanadhani ilianguka na mvua.

Halmashauri mara nyingine inajua ushuru utaingia, ila utaingia kidogo kidogo miezi ya mbele, na kazi inataka fedha leo. Basi, baraza likikubali na wizara ikiruhusu, inakopa benki. Inafanya kazi yake, halafu ushuru ukianza kuingia inarejesha kwa awamu, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unapofungwa deni linatakiwa liwe limekwisha. Siyo mkopo wa kuburuza. Ukiuvusha, mwaka unaofuata unaanza ukiwa tayari umeliwa, na itabidi ukope tena kufunika ule wa kwanza. Kuna halmashauri zimezama kwa namna hiyo.

Dawa yake Mama Janet aliitoa mwaloni. Mtumbwi ukirudi, kabla wavuvi hawajagawana, linatengwa fungu la mtumbwi kwanza: mafuta ya injini, betri za taa, nyavu zilizochanika. Hata mvuvi awe na mgonjwa nyumbani, lile haliguswi, kwa sababu likiguswa, kesho hakuna chombo cha kwenda ziwani. Akasema na sisi tufanye hivyo. Tukikopa, basi kila Ijumaa, kabla ushuru haujaenda kwenye dizeli wala posho wala kitu chochote, fungu la benki litolewe liwekwe kwenye akaunti yake peke yake, na mtu asiiguse. Mkurugenzi wa wakati ule alimwuliza, "Na ikitokea dharura?" Mama Janet akamjibu, "Mheshimiwa, dharura tuliyonayo ndiyo hilo deni." Mkopo wetu wa kwanza, ule wa kujenga machinjio, ulilipwa kwa njia hiyo ukaisha kabla ya muda.

Mwaka 2018 Mama Janet alikuwa Kaimu Mweka Hazina. Kila mtu alijua ukaimu ule karibu unaondoka, abaki na cheo chenyewe. Wakati huo jengo la wazazi la kituo cha afya lilikuwa limesimama bila paa, vuli inakaribia, na fedha hakuna. Ikaamuliwa tukope, na tulipe kwa ushuru wa dagaa wa Nyamhula. Benki ikataka makadirio ya mapato ya mwalo, kwa sababu ukubwa wa kila rejesho ungetokana na makadirio hayo. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mwalo. Nikaambiwa niyaandae.

Hapa ndipo nilipomkosea.

Nilichukua wiki zangu nzuri, wiki za giza, nikazizidisha kwa mwaka mzima. Sikutoa wiki za mbalamwezi, ambazo ushuru hauingii. Naapa mwanzoni nilisahau, nilihesabu kama mtu wa ng'ombe anavyohesabu, jana walikuwepo na kesho watakuwepo. Nikapeleka. Mkurugenzi akayaona, akafurahi, akanishika bega mbele ya wakuu wa idara akasema huyu ndiye mtumishi. Sikuwahi kushikwa bega na mkurugenzi. Nilirudi mezani kwangu natembea juu juu.

Jioni Mama Janet akaniita, makadirio yapo mbele yake, kalamu iko mkononi. "Ngosha, umetoa mbalamwezi?"

Nilikumbuka pale pale. Ilikuwa inatosha kusema hapana, nipe hadi kesho. Lakini ingebidi nirudi kwa Mkurugenzi na hesabu ndogo, na mkono ule utoke begani. Nikasema, "Nimetoa, Mama Janet."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Akasaini. Hakukagua tena, maana aliyejibu ni mwanafunzi wake mwenyewe.

Rejesho la kwanza lilipita kwa shida. Rejesho la pili likaangukia katikati ya mbalamwezi. Fungu la kila Ijumaa lilitengwa kama kawaida, lakini ushuru wenyewe ulikuwa haupo, na akaunti ya benki ilikuwa haijafika hata nusu ya kinachotakiwa. Benki haikubembelezana na mtu. Ilikata kilichopungua kwenye akaunti kuu ya halmashauri, kama mkataba ulivyosema. Vibarua wa usafi wa soko hawakulipwa. Fundi wa jengo la wazazi akashusha mabati aliyokwisha kupandisha. Na posho za kikao za madiwani, ambazo zilitakiwa zilipwe wiki ile ile, zikaenda na maji.

Mnajua wenyewe kilichofuata. Madiwani wangeweza kuvumilia mengine. Kwenye kikao cha baraza cha Novemba walimsimamisha Mama Janet katikati ya ukumbi wakamshambulia kuanzia asubuhi. Mmoja akasema, "Huyu mama amezaliwa ziwani, hajui mwezi?" Ukumbi ukacheka. Mwingine akauliza kama fedha zimevuka kwenda Shirati kwa boti au kwa basi. Wakacheka tena. Mwenyekiti akamwuliza makadirio yale aliyatoa wapi, nani aliyaandaa.

Nilikuwa nimekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha. Hakugeuka kuniangalia. Alisema, "Saini ni yangu, Mheshimiwa Mwenyekiti." Basi. Wakamwuliza mara ya pili, akajibu hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji kwa mikono miwili. Nilijiambia nasimama sasa, nikajiambia nasimama huyu akimaliza kusema, mpaka kikao kikafungwa.

Ukaimu ukachukuliwa. Akapewa mwezi mmoja akabidhi ofisi, kisha aende kituo chetu cha kisiwani kusimamia ushuru.

Ndani ya mwezi ule alifanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alimchukua ofisa wa benki, kijana mmoja wa mjini, akampeleka Nyamhula wakati mwezi umejaa. Kijana anaona mitumbwi imelala mchangani na wanaume wenye afya wanacheza drafti mchana kweupe. Akauliza, "Mama, mbona hawa hawafanyi kazi?" Mama Janet akamwonyesha juu. "Baba, Mungu akiwasha taa yake, dagaa watakuja kufanya nini kwenye ya kwetu?" Kijana alicheka, lakini alielewa. Benki ikakubali kupunguza kila rejesho, kuongeza idadi ya awamu, na kuhamisha tarehe zote zikae baada ya giza, wakati fedha ya mwalo ipo mkononi. Deni likalipwa hadi senti ya mwisho, na mwaka wa fedha ukafungwa likiwa limekwisha. Jengo la wazazi likapata paa. Watoto wengi wa watumishi wanaosoma jarida hili wamezaliwa chini ya paa lile.

Hivyo ndivyo tunavyorejesha hadi leo. Tarehe zinafuata mwalo, na fungu la benki linatoka kabla ya lolote. Ukienda semina utasikia utaratibu huu ukiitwa mfumo wa halmashauri yetu. Mei Mosi ya mwaka 2021 mfumo huo ulipata tuzo. Aliyeitwa mbele ni mimi, wakati huo nimeshakuwa mkuu wa kitengo. Nikapewa cheti na televisheni. Aliyeubuni alikuwa kisiwani, anahesabu ndoo za dagaa kwenye mvua. Nilipiga picha, nikatabasamu. Televisheni iko sebuleni kwangu, wanangu wanaangalia mpira. Mimi naangalia nikiwa nimesimama.

Kisiwani alikaa miaka mitatu. Nako hakulala. Alipanga wanawake wanaoanika dagaa wajenge vichanja, dagaa wasianikwe tena mchangani, bei ikapanda na ushuru ukapanda nayo. Nilikuwa nawaona wanawake hao wakija mjini wanasema mama wa ushuru kawaambia hivi, mama wa ushuru kawacheka hivi, na nilikuwa natafuta sababu ya kuwaweka wakae kidogo waendelee kusimulia.

Aliporudi alipewa dawati la leseni, mlango wa tatu kutoka wangu. Nikamwamkia kama zamani, "Shikamoo, Mama Janet." Akaitika vizuri tu. "Marahaba, Bwana Masele."

Toka siku hiyo nimekuwa Bwana Masele. Hajawahi kunifokea. Nikimwomba faili ananipa, nilipofiwa alikuja msibani akapika. Vijana wa mapokezi anawaita kwa majina ya utani, mlinzi anamwita "shemeji," hata Shimba wa stoo, Msukuma kama mimi, anaitwa Ngosha mchana kutwa, na ukuta ni mwembamba, nasikia. Ijumaa jioni nikipita mwaloni naona mitumbwi ile iliyogeuzwa. Siwezi kukaa juu yake, mtu mzima, peke yangu. Natamani hata anitanie vibaya. Natamani anione mjinga wa dagaa kama zamani, kuliko kuniona vile ninavyojua ananiona.

Wengi mmeuliza kwa nini hatumfanyii Mama Janet sherehe ya kuaga ukumbini kama wastaafu wengine. Amekataa mwenyewe. Amesema amechoka, atafunga dawati Ijumaa jioni aende zake nyumbani Igoma, na baada ya hapo Shirati. Mimi najua si uchovu. Toka Novemba ile hajaingia tena kwenye ukumbi wa baraza. Mikutano ya watumishi ikifanyika humo, yeye hubaki na wateja. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na minne anakaribia kuondoka kwa mlango wa pembeni, na wapo watu katika wilaya hii ambao hadi leo wakisikia jina lake wanauliza zile hela zilivuka kwa boti au kwa basi.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilikwenda Igoma. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye maboksi na binti yake Janet. Nikamwomba tuzungumze. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikaanza kueleza, makadirio, wiki za giza, alivyoniuliza na nilivyomjibu. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Bwana Masele, hayo unanieleza mimi ya nini? Mimi si nilikuwepo?"

Nikasema nataka kuomba msamaha.

"Mimi ulijua utanikuta hapa, na ulijua nitakukaribisha chai. Hiyo ni rahisi." Akaweka sufuria kwenye boksi. "Kawaeleze ambao hawakujua. Halafu ndiyo uje tuongee habari za chai."

Janet akaleta chai hata hivyo. Haikunyweka. Nilitoka pale nikakaa kituoni muda mrefu, magari ya kurudi yananipita.

Kwa hiyo huu ndio wasifu wa Bernadeta Aluoch Okech: karani wa ushuru, mhasibu, Kaimu Mweka Hazina, msimamizi wa mapato kisiwani, ofisa wa leseni. Katika miaka yote hiyo hakuna senti ya umma iliyopotea mkononi mwake. Alitufundisha kulipa tunachodaiwa kabla hatujajigawia. Mama Janet, watumishi wenzako tunakushukuru. Uende salama Shirati kwenu, Mwalimu Okech apone mguu, mihogo ikubali, na wajukuu wakuchokoze kama ulivyotuchokoza sisi. Tunakuombea uzee wa utulivu, na usiku mzuri wa kulala.

La kwangu ni hili. Baraza la Madiwani linakaa Jumatano tarehe 29 Julai, saa nne asubuhi, siku mbili kabla Mama Janet hajafunga dawati. Nimemwomba Mwenyekiti kwa maandishi nipewe nafasi, na amenipa, kwenye kipengele cha mengineyo. Nitasimama katikati ya ukumbi, mbele ya madiwani na waandishi wa habari watakaokuwepo, niseme kwamba makadirio ya mwaka 2018 niliyaandaa mimi, kwamba aliniuliza nami nikamdanganya, na kwamba mfumo wa marejesho uliopewa tuzo ni wake. Cheti nitakikabidhi mezani kwa Mwenyekiti, na nitaomba muhtasari wa kikao uandike hivyo kwa jina langu na jina lake. Adhabu yoyote nitakayopewa nitaipokea. Milango ya ukumbi siku hiyo iko wazi kwa watumishi wote. Njooni msikie.